Kanga za Mjapani na Kura ya Bibi

Siku moja siisahau, mwanangu: siku Mjapani alipoingia dukani kwa ami yangu, mtaa wa Mchangani, na sanduku la vipande vya kanga. Ilikuwa zama za Sultani, mwaka ambao wanaume wa Unguja walipiga kura kwa mara ya kwanza, na sisi wanawake tukabaki kuchungulia madirishani. Mimi nilikuwa msichana wa skuli, ulimi upanga. Nilitamani ualimu, lakini baba alikwishakata shauri: nimalize mwaka ule, kisha nikae ndani ningoje mume. Nililia hata macho yakavimba.

Mgeni alitaka kujua wanawake wetu wanapenda maua gani na maneno gani, kwani kanga isiyo na jina zuri, yaani yale maneno yake, haiuziki. Kwa jambo hilo mtaa mzima ulimtazama bibi yangu. Yeye akikunja uso, kanga itaozea dukani. Basi Bibi akaitwa dukani, na kwa kuwa Mjapani alisema Kiingereza, mimi nikafanywa mkalimani.

Nikamnong'oneza Bibi, nikicheka, "Hawa si ndo waloshindwa vita? Watatuletea nini cha maana?"

Bibi akanikata jicho. "Aloanguka hachekwi, huulizwa kainukaje. Muulize!"

Nikauliza, uso umenishuka. Mgeni akajibu taratibu, bila kujihurumia. Mji wao uliteketea kwa mabomu, na kiwanda kikaanza upya chini ya mabati yaliyookotwa majivuni. Watoto walisomea uwanjani, hapana paa, lakini wavulana na wasichana wote walisoma. Na mama yake, mjane ambaye hakuwa na sauti hata mbele ya wanawe, baada ya vita sheria ilimpa kura. Siku ya kupiga kura aliamka alfajiri, akavaa kimono, vazi lao la heshima, moja tu alilolinusuru na moto.

"Ungedhani anakwenda harusini," alisema mgeni.

 Bibi akamchagulia jina la kanga: Baada ya dhiki faraja.

Jioni akamwita baba. "Leo nimezungumza na mtu wa Japani kwa mdomo wa huyu mtoto. Wenzio wameunguliwa mji mzima na binti zao hawakuwatoa skuli. Wewe hata mkeka wako haujaungua!"

Baba akainama. "Haya, mama. Asome."

Nikawa mwalimu. Miaka michache baadaye zamu ya wanawake kupiga kura ikafika, na asubuhi hiyo Bibi akajifunga kanga ile ile ya Baada ya dhiki faraja, nami nimemshika mkono. Alipotoka kupiga kura alikuwa analia na kucheka.

"Yule mama wa Kijapani yu hai bado?"

"Sijui, Bibi."

"Ningependa ajue. Na mie nshapiga."

Mwanangu, usimcheke aliyeanguka. Tazama anavyoinuka, na anamwinua nani pamoja naye. Wala usimtoe binti yako skuli kwa ajili ya dhiki, maana dhiki hupita, ujinga ukabaki. Mola akujaalie asubuhi kama ile ya Bibi, na nguo safi ya kuitokea.