Chungu cha Mama Levis

Risper wa Rodi Kopany hakuwa mtu mbaya, jamani, tuelewane hapo kabla sijaanza kumsema. Alikuwa muuza miche kando ya barabara ya kwenda Rongo, mama wa watoto wakubwa, Mama Tony kwa majirani, sauti ya kwanza katika kwaya. Ila wivu alikuwa nao. Wivu ule wa kuchungulia kwa jirani huku ukijifanya unaanika nguo.

Jirani mwenyewe alikuwa Edinah, Mama Levis, aliyehamia kutoka Kisii akaanza kuuza maua karibu kabisa na Risper. Kabla yake, meza ya mbele kanisani ilikuwa ya Risper kila Sabato. Waridi zake, majani yake, sifa zake. Kisha Edinah akaja na okidi nyeupe, maua yanayokaa wiki baada ya wiki bila kunyauka, na mzee wa kanisa akaanza kutangaza, "Tunamshukuru Mama Levis." Tunamshukuru Mama Levis! Risper alirudi nyumbani na maneno hayo yakimkereketa, akashindwa hata kumaliza chakula.

Na yeye okidi alikuwa nayo. Moja tu, ya zambarau iliyokolea. Aliachiwa na dada yake Pauline, aliyefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Pauline akiwa kitandani alimwambia, "Hii usiiuze. Ikichanua ipeleke kanisani, iwe kama mimi mwenyewe nimekuja." Miaka ikapita, haikuchanua. Mwaka huu, loo, ikatoa kikonyo chenye vitumba! Risper alikuwa akiamka anaviangalia kabla hajanawa uso. Alitaka Pauline aonekane kanisani. Alitaka pia Mama Levis aketi nyuma na kuangalia, na mambo hayo mawili hakuwa anayatenganisha.

Sasa sikia walivyotofautiana. Edinah utamkuta ameinamia karai, anasugua vyungu kwa brashi na sabuni, anaviloweka katika maji ya jiki, ile dawa ya kuua viini, anavisuuza, anavianika juani. Hata jagi la kumwagilia maji alikuwa analiosha ndani na nje. Risper, yeye mikebe ya rangi aliyopandia miche ilikuwa na utelezi wa kijani, na kopo lake la kumwagilia ndilo hilohilo la kuwapa kuku maji.

"Aii yawa!" alikuwa akisema. "Mtu anaosha chungu cha maua kama atapakulia ugali humo!"

Lakini usimcheke haraka. Risper alilelewa na nyanya yake, na nyanya hakukisugua kibuyu chake cha maziwa hata siku moja. Aliacha kidogo cha jana ndani, ndipo ya leo yagande vizuri. Ukikiosha sana, alisema, umekiua. Kwa hiyo Risper aliamini kwamba uzuri hubaki ndani ya chombo, na kwamba Edinah, kwa kusugua kule kote, alikuwa akiutupa.

Basi Ijumaa moja alasiri, Edinah akiwa ameenda kufagia kanisa, Risper akachungulia kupitia ua wa ojuok, ile minyaa iliyotenganisha nyumba zao. Akaona chungu kimoja kimewekwa peke yake nyuma ya jiko. Alikijua. Ndicho kilichokuwa na ile okidi nyeupe iliyosifiwa kuliko zote. Mmea haukuwamo, ila vipande vya magome na makaa vilikuwa bado ndani, vibichi. Hakijaoshwa! Akapenya, akakifunika kwa leso, akarudi kwake.

Akaing'oa okidi ya Pauline kutoka kwenye mkebe, akaipanda katika chungu kile pamoja na takataka zake zote, akaimwagilia kwa kopo la kuku. "Sasa tutaona," akasema.

Tukaona kweli. Jani la chini liliingia weusi pale shinani, weusi wa majimaji, kisha la pili. Ikaanza kunuka. Vitumba vikaanguka kimoja kimoja, na Risper akawa anaviokota na kuviweka kwenye kisahani, analia. Na unadhani alimlaumu nani? Alikibeba chungu kifuani, akapita nacho barabarani mchana kweupe, akampata Edinah kwenye karai lake.

"Mama Levis, umenifanyia nini? Umeniwekea nini humu?"

Edinah akatazama mmea. Kisha akatazama chungu.

"Mama Tony," akasema polepole, "hiki si chungu changu?"

Risper akakiweka chini.

"Okidi iliyokuwa humu ilioza," Edinah akasema. "Niliing'oa nikaichoma. Chungu nikakitenga nikiloweke peke yake, ugonjwa usifike kwa vingine. Nimekitafuta nikadhani mbwa wamekibeba."

Hakuuliza mengine. Aliosha kisu kwa jiki, akakata, akatupa, akakata tena, mpaka juu kwenye kikonyo akapata chipukizi kidogo, kizima. "Niachie hiki nikilee. Kikikua nitakurudishia."

Wivu uligeuka moto kifuani mwa Risper. Amwachie? Ua la Pauline lichanue kwa Mama Levis? "Lete, nakilea mwenyewe!" Akakinyakua, akaenda nacho hadi kwake, akasimama mbele ya mikebe yake. Akautazama ule utelezi. Akatazama kopo, na kuku akinywa humo. Akarudi, akakiweka mkononi mwa Edinah bila kumwangalia usoni.

"Ni ya dada yangu," akasema. "Alitaka kufika kanisani."

Tangu siku hiyo Risper alisugua mikebe yake mpaka vidole vikachubuka, na bado alimwonea Edinah wivu, sasa hata wa ile roho ya kutomsema kwa watu.

Ilichukua muda mrefu, lakini Sabato moja meza ya mbele ilikuwa ya zambarau. Mzee wa kanisa akainuka. "Tunamshukuru Mama Levis kwa maua haya." Risper alishika benchi kwa nguvu. Na niwaambie ukweli, aliomba Edinah anyamaze, ili amchukie kwa amani.

Edinah akasimama. "Si yangu, mzee. Ni ya Pauline, dada yake Mama Tony. Leo amekuja kanisani."

Risper akajifunika uso kwa leso, ileile aliyoibia chungu, akalia.