Maji Mara Kumi

Chokaa iliyotiwa maji ina harufu yake, na mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuambiwa ni nini. Inakaribia ile ya mvua ya kwanza inapopiga juu ya jiwe lenye joto, ila hii hupanda puani ikakauka huko huko, na koo likabaki linawasha kidogo. Mwezi uliopita nilikuwa nikikata njia Kiponda, nikakuta nyumba inatengenezwa: vumbi, karai, na pipa lililofunikwa gunia. Nikapunguza mwendo bila ya kukusudia, na mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukaziba jicho la kushoto. Mwashi mmoja akaniuliza kama nimeingiwa na vumbi. Nikamwambia hapana, naye akaendelea na kazi yake. Nyinyi nitakwambieni zaidi ya hivyo.

Tulikuwa tukikaa Mkunazini, katika nyumba ya zamani yenye ua katikati na ngazi ya mbao iliyolalamika kila ikikanyagwa. Baba alifanya kazi Pemba, akija kila alipopata ruhusa. Mama alikuwa akiuza vitambaa Darajani. Kwa hivyo mchana nyumba ilikuwa ya watu watatu: mimi niliyekuwa darasa la tatu, Bibi mzaa mama, na dada yangu Zuhura aliyekuwa kidato cha tano. Zuhura alisoma sayansi kwa sababu Baba alitaka awepo daktari ndani ya nyumba, na hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini.

Zuhura alikuwa na adui mmoja, nami nikimjua kwa jina tu: Piechi. Akirudi skuli anavua viatu, anakaa kwenye ngazi na vitabu vyake, na baada ya muda utamsikia, "Hii Piechi itanimaliza." Kuna siku alilia kwa ajili ya Piechi. Nikajua moja kwa moja kuwa ni mwalimu wao, mrefu, mwenye bakora. Nilipomuuliza Bibi huyu Piechi ni nani, alifikiri akitafuna tambuu yake, kisha akasema hamjui, ila kwa jina lile hadhani kama ni mtu wa hapa.

Mara nyengine Zuhura alisoma kwa sauti, na mimi nikikariri nyuma yake kama wimbo: chini ya saba ni asidi, juu ya saba ni besi, saba yenyewe ni maji safi. Alinifukuza mara nyingi. Bibi hakunifukuza, kwa sababu naye alikuwa akisikiliza.

Alasiri moja Zuhura alichukua kitambaa cheupe, akakipaka manjano ya jikoni, kisha akaomba chokaa kidogo kutoka kwenye kijaluba cha tambuu cha Bibi. Akaigusisha. Pale pale manjano ikageuka nyekundu, nyekundu ya matofali. Bibi akasogea karibu. Zuhura akakata ndimu, akakamua juu ya ule wekundu, na rangi ikarudi manjano kama kwamba hakukuwa na kitu.

"Ndimu ni asidi, chokaa ni besi," alisema. "Asidi inaiua besi, Bibi. Ndimu inaiua chokaa."

Bibi akamwambia afanye tena. Alifanya mpaka kitambaa kikaharibika.

Lakini mchezo ni jambo moja, na hesabu jambo jengine. Hesabu iliyomkaba wiki ile ilikuwa fupi. Maji ya chokaa yana pH ya kumi na mbili; ukiyaongeza maji mpaka yakawa mara kumi, pH itakuwa ngapi? Zuhura alitarajia iporomoke hadi karibu na saba. Kila akipiga hesabu, jawabu lilikuja kumi na moja.

"Haiwezekani," alimwambia Bibi, kwa kuwa hakuwa na mwengine wa kumwambia. "Maji mara kumi, halafu inashuka moja tu?"

"Labda mwalimu wenu kakosea," Bibi alisema.

"Jawabu liko nyuma ya kitabu. Ni hilo hilo."

"Basi labda na aliyeandika kitabu kakosea."

Siku chache baada ya hapo, ukuta mmoja wa ua uliokuwa umefura kwa mvua ulianza kutengenezwa. Mwashi alikuwa fundi Haji, mtu wa Makunduchi, mpole, aliyekuwa akisema na mawe zaidi ya watu. Alileta magunia ya chokaa ya tanuu, madonge meupe mepesi, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuyazima. Alitia madonge ndani ya pipa, akamimina maji, na kwa kitambo kidogo hakukuwa na kitu. Halafu yakaanza kunong'ona, yakapasuka, mvuke ukapanda, na pipa zima likachemka bila ya moto. Mimi nilikuwa sijaona jambo kubwa kama lile.

Bibi alinipa kikombe cha chai nimpelekee fundi. Fundi Haji akaniambia nisimame mbali, nami nikasimama mbali. Hilo watu wazima walikubaliana baadaye. Donge moja likapasuka vibaya na pipa likatema. Nakumbuka kitu cha moto kimenigonga usoni, na kikombe kikivunjika. Kisha jicho la kushoto likawaka, na nilipojaribu kulifumba nikahisi mchanga ndani yake.

Zuhura alishuka ngazi bila ya viatu. Hakuniuliza kitu. Alinilaza kwenye baraza ya ua, kichwa kikining'inia ukingoni, akaweka goti lake juu ya kifua changu, akanifungua jicho kwa vidole viwili. Fundi Haji alikuwa kashaleta ndoo. Kata ya kwanza ikanimiminikia jichoni, ikaingia puani, nikadhani nazama.

Kwa jicho la pili nilimwona Bibi anakuja mbio kutoka jikoni, na mkononi ana nusu ya ndimu.

"Mwache nimkamulie," alisema. "Si wewe uliyesema ndimu inaiua chokaa?"

"Nlisema kwenye kitambaa, Bibi. Si jichoni."

"Tofauti yake nini?"

"Sijui imeingia chokaa kiasi gani. Ndimu ikizidi, nayo itamuunguza. Na zikikutana tu zinatoa joto." Alikuwa akizungumza huku anamimina. "Maji, Bibi. Maji tu."

Bibi alisimama na ndimu yake, hajui aipeleke wapi. Mwisho akaitupa na akaenda kuleta maji ya kupikia.

Siku zile maji ya mfereji yalikuja kwa saa zake, na kila nyumba ilikuwa na mapipa ya akiba. Bibi aliyachunga mapipa yetu kama watu wengine wanavyochunga dhahabu. Zuhura aliyamaliza. Kata baada ya kata, mkono wake haukubadilisha mwendo. Maumivu yalipungua kidogo, nikasema sisikii kitu tena, nikidhani ataniachia. Hakuniachia. Maji yalikuwa yamejaa uani, na mabaki ya chai yakielea.

"Basi, Zuhura," Bibi alisema. "Mtoto kakwambia haliumi. Maji yamekwisha."

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado, Bibi."

Fundi Haji alichukua ndoo mbili tupu akatoka nje. Akarudi na maji kutoka kwenye birika la msikiti wa jirani, akatoka tena, akarudi tena. Mimi nilikuwa natetemeka kwa baridi, mchana wa jua kali, na nilimchukia dada yangu kwa moyo wangu wote. Nilikuwa na hakika anafurahi. Nilikumbuka namna alivyonifukuza ngazini, nikaona sasa amepata nafasi.

Fundi ndiye aliyenibeba hadi hospitali. Zuhura alikuwa ubavuni mwetu na chupa, na kila palipokuwa na msongamano tukasimama, alinimiminia.

Daktari wa macho alikuwa mama mwembamba mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Alikata kipande cha karatasi ya manjano, akakigusisha ndani ya kope yangu ya chini, na karatasi ikageuka kijani kilichokaribia buluu. Akailinganisha na safu ya rangi iliyokuwa kwenye kijaluba chake. Zuhura akainama kutazama.

"Nane na kitu," daktari alisema. "Tutasafisha."

Alinitundikia maji ya chumvi, yakawa yanaingia jichoni kwa mpira, taratibu. Akapima tena, akasema imefika pake, kwenye saba, tusubiri kidogo. Tukasubiri. Fundi Haji alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake myeupe. Daktari akaweka karatasi nyengine, akailinganisha tena na safu ya rangi.

"Imepanda," Zuhura alisema.

"Naam."

"Basi kuna chembe bado inayeyuka mle ndani."

Daktari akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mshike kichwa," alimwambia.

Akaipindua kope yangu ya juu kwa kijiti cha pamba, jambo ambalo sikujua kuwa linawezekana, akatoa punje nyeupe iliyokuwa ndogo kuliko ufuta. Nyuma yake kulikuwa na nyengine. Akaniosha tena, akapima, akasubiri, akapima. Rangi ikabaki pale pale.

Bibi aliingia baadaye, kanga zake zimerowa. Daktari akamuuliza nani aliyemwosha mtoto nyumbani.

"Huyu," Bibi alisema. "Kamaliza maji ya nyumba nzima, na ya msikiti."

"Angeacha mapema, jicho hili tungekuwa tunalizungumza vyengine."

Jicho lilipona. Kimebaki kidoa cheupe pembezoni, kidogo, na jua kali linanitoa chozi upande huo. Na Zuhura sikuzungumza naye muda mrefu, kwa sababu ya lile goti. Mtihani wake wa kemia ulikuja wiki iliyofuata, akafeli, na mwishoni mwa muhula Baba akakubali abadilishe masomo. Akawa mwalimu wa Kiswahili. Ameolewa Mkokotoni, anasomesha huko mpaka leo. Bibi, mpaka anafariki, alihadithia wageni kisa cha maji, na kila alipohadithia mapipa yaliongezeka.

Mimi nilipofika kidato cha tano, mwalimu aliandika ubaoni hesabu fupi. Nikaitambua kabla hajamaliza. Nilikuwa nimeshajua zamani kuwa Piechi si mtu, ni hiyo pH, lakini sikuwahi kukaa nikaifikiria. Jawabu langu likatoka kumi na moja. Nikaweka kalamu chini, nikaendelea kichwani. Kipimo kile hakihesabu kama tunavyohesabu maembe. Kila namba moja ni mara kumi ya jirani yake. Lita moja ya maji ya chokaa uifanye kumi, umeshuka namba moja. Uifanye mia, mbili. Ukitaka ifike nane tu, unahitaji lita elfu kumi, na saba yenyewe huifiki kwa kuongeza maji, unaikaribia tu. Nikaiona ile kata ya kwanza jinsi ilivyokuwa si kitu. Nikaelewa pia kwa nini karatasi ya daktari ilipanda tena: kadiri unavyokiondoa kilichokwisha yeyuka, ndivyo punje inavyotoa chengine kushika nafasi yake, mpaka uitoe punje yenyewe.

Ndipo nilipomsamehe lile goti. Nilipata picha mpya ya dada yangu: msichana ambaye watu wazima wanamwambia basi, naye anajua hesabu ambayo wao hawaijui, anasema bado. Niliipenda picha hiyo. Niliwahadithia wanafunzi wenzangu, baadaye nikamhadithia mume wangu, na kwa miaka mingi sikuona haja ya kumuuliza mwenyewe.

Nilimuuliza mwaka juzi, nilipokwenda kumtembelea Mkokotoni. Alikuwa kakaa mkekani anachagua mchele. Nikamwambia yote, maji mara kumi na namba moja, na kwamba hesabu ile iliniokoa jicho.

"Hesabu gani?" aliuliza.

Nikamkumbusha. Akacheka kwa sauti ya chini.

"Ile sikuwahi kuifahamu. Nlikuwa najua maji tu, kwa kuwa mwalimu alikuwa kashatwambia. Kiasi gani, hakusema."

"Sasa mbona hukuacha? Bibi alikwambia basi. Mimi nlikwambia haliumi."

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani. "Kila nkitaka kuacha, nkiwaza, nkishaacha itabidi nlitazame hilo jicho. Na nlikuwa siwezi. Basi natia kata nyengine."

Siku ile ya pipa hakuwa ametimiza miaka kumi na minane. Mtoto niliyekuwa aliona mtu asiye na huruma, na mwanafunzi niliyekuja kuwa akaona mtu mwenye elimu, na wote wawili walikuwa chini ya mkono ule ule wala hawakujua kuwa ni wa mtu mwenye hofu. Pale mkekani ndipo nilipojaribu kukumbuka kama, tuliporudi kutoka hospitali, aliwahi kunitazama usoni alipokuwa akinifunga na kunifungua bandeji ya jicho. Nadhani alikuwa akitazama mikono yake.

"Na kule kwa daktari je?" nilimuuliza. "Ulikuwa umeinama karibu kabisa."

"Nlikuwa natazama karatasi."

Nikamwambia kama anataka, alitazame sasa. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akanivuta mpaka kwenye mwanga wa mlango. Akanishika kidevu na akalitazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo hicho kidoa tu?"

"Hicho tu."

Akaniachia, akakaa, akarudi kwenye mchele wake.