Mawe ya Kwenye Mikaratusi

Nikinusa majani mabichi yaliyofyekwa, naikumbuka nyumba yetu ya walimu kule Kasulu. Mvua zilikuwa zimeanza, na baba alikuwa akipanga mawe bapa kwenye nyasi, kutoka getini hadi barazani, tusikanyage tope. Mimi niliyapanda moja moja kuona kama yametulia.

Jirani yetu, mama aliyezoea kutuletea maharage, alifika getini akasimama. Hakuingia. Aliyatazama mawe mpaka baba akaacha kuchimba.

“Mwalimu, haya umeyatoa wapi?”

“Kule kwenye mikaratusi, mama. Yalikuwa yametupwa tu.”

“Hayakutupwa,” alisema taratibu. “Kule tunazika.”

Baba aliniambia nishuke. Nilikuwa juu ya lile dogo kuliko yote, nikainama kwanza kulitazama. Yule mama akaja, akaninyanyua, akaniweka pembeni. Kisha akaling’oa lile jiwe, akalifuta tope kwa kitenge chake.

“Hili ni la mwanangu, nalijua,” alisema. “Hayo mengine wenyewe watayatambua.”

Kesho yake asubuhi, kabla hatujafungua mlango, watu walikuwa wameshajaa getini, wakiyatazama mawe.