Protasi na Shina la Mama Yake

Katika kijiji kizima cha Mbuba hakuna aliyependa kugawa kama Protasi, na hakuna aliyependa kuonekana akigawa kama Protasi. Mungu amsamehe, nasi tunaomcheka atusamehe. Mgeni akipita kwake anafungiwa mkungu kabla hajaomba. Jumapili misa ikiisha, wenzake wanakwenda kupumzika, yeye anachukua panga na kuingia kwa majirani kupogolea migomba isiyo yake. Lakini jaribu kumpelekea yeye bakuli la maharage! Atakuambia ameshiba, huku tumbo lake linamsuta mbele yako.

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliposikika kata ya jirani, Protasi na wenzake wa kikundi cha wakulima walikaa wakakubaliana: shamba likiugua, wote wataling'oa pamoja, kila panga litapitishwa motoni lisibebe ugonjwa, na nyumba ile italishwa na wengine mpaka miche mipya itoe ndizi. Mwenyekiti wao, Ildefonsa, hakuzungusha maneno.

"Mtu akiachwa peke yake na njaa yake, tajiri anakuja kununua shamba kwa bei ya mbuzi. Hapa hakuna atakayeuza."

Protasi ndiye aliyepiga makofi mengi kuliko wote. Alijiona tayari yuko upande wa wanaolisha.

Baada ya Pasaka, jani likageuka njano kwenye shina la nyuma ya nyumba, lile alilopandiwa na mama yake siku alipooa. Akakata mgomba mmoja, ukatoka utomvu mzito wa njano. Alijua. Akafukia mabaki, akamwambia mkewe Jovina ni jua tu limeunguza.

"Jua gani? Na mvua hii ya wiki nzima?"

Ila moyo wa Protasi ulikuwa safi kuliko ulimi wake. Asingeweza kuwapelekea wenzake ugonjwa, basi akaacha kupogolea. Jumapili moja akasema mgongo unamuuma. Iliyofuata, mgongo tena. Ndipo Ildefonsa akaingia uani.

"Shikamoo, Baba Nice. Pole na mgongo."

"Marahaba, Mama Aline. Unauma kweli."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

"Juzi kanisani ulishika wa kushoto."

"Umehama."

"Usije ukahamia kwangu. Baba Nice, wewe ulikuja kupogolea kwangu una malaria, tukakufukuza kwa nguvu. Leo mgongo tu ndio umekulaza? Kuna nini nyuma ya nyumba?"

Jovina, bila kutumwa, akaelekeza kwa midomo.

Protasi akakaa juu ya kinu kilicholala. "Shina lile mama alilipanda kwa mkono wake," akasema polepole. "Na nikiling'oa, nianze kula vya watu?"

"Utakula. Sisi tumekula vyako miaka yote, tumekufa?"

"Mimi si mtu wa kuombaomba."

"Nani kakuambia uombe? Mama yako huyo huyo, mwaka wa njaa, alikula viazi vya bibi yangu msimu mzima. Tena akirudisha bakuli alikuwa analalamika kwamba havikuiva vizuri! Wewe umerithi migomba, akili ya mama yako ukaiacha."

Protasi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Mama alikuwa hivyo kweli.

Kesho yake wakaja na mapanga na majembe, moto ukawashwa uani. Protasi aliomba awe wa kwanza kukata shina la mama yake. Alikata, akafanya ishara ya msalaba, kisha akasogea pembeni wenzake waendelee hadi mizizi.

Wanawake walikuwa wamekuja na vyungu. Chakula kilipofunuliwa, Protasi akarukia upawa, aanze kuwagawia watu chakula chao wenyewe.

Ildefonsa akamnyang'anya. "Kaa chini."

Akakaa. Akapewa ugali wa mihogo na maharage, akautazama kama mtu anayesomewa hukumu. Tonge la kwanza alilimega dogo kama la mtoto. La pili likawa la mtu mzima. Jovina alipogeuka kumletea maji ya kunywa, mumewe alikuwa ameshanyoosha sahani aongezewe.