Dumu Ambalo Bibi Yako Alilikataa

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Zuhura, binti wa mdogo wangu, maana ndiyo siku ambayo bibi yako alininusa shati kisha akakataa zawadi yangu.

Nianze nyuma kidogo. Nilikuwa fundi wa pampu za dizeli hapa hapa mtaani Gerezani, kijana mwenye mke na mtoto mmoja, hodari wa kazi na hodari zaidi wa maneno. Miaka ile serikali ilikuwa haitozi kodi kubwa kwenye mafuta ya taa, ili mtu wa kipato cha chini aweze kuwasha taa yake na kupika chakula chake. Dizeli ilikuwa ghali. Nia ya sera ile ilikuwa njema. Sisi vijana wa karakana tuliona kitu kingine: mafuta ya aina mbili, moja rahisi na nyingine ghali, yanayochanganyika kwenye pipa bila kugombana. Basi tukachakachua.

Nikwambie ukweli wote, kwa sababu nusu yake nimeshawahi kuisimulia na haikunisaidia. Mimi ndiye niliyekuwa napanga kipimo. Wenzangu walikuwa na mapipa na wateja, lakini hawakujua waongeze mafuta ya taa kiasi gani injini isilalamike mapema. Mimi nilijua, kwa kuwa nilizifungua pampu kila siku. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi vyuma. Lori litatembea, dereva atasifu, kisha baada ya muda pampu inakwaruzika ndani na gari linazima njiani. Likizima linaletwa kwa nani? Kwangu. Nilikuwa nauza ugonjwa asubuhi na dawa jioni, na nikajiona mjanja kuliko Kariakoo nzima. Leo nikikumbuka naona haya hata nikiwa peke yangu.

Serikali ilihangaika kutukamata, ikachoka. Mwishowe ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka bei yake ikakaribiana na ya dizeli, ili kuchakachua kusiwe na faida tena. Ikafaulu. Mimi nikanung'unika wiki moja, nikarudi kwenye spana zangu, wala sikuwaza kwamba kuna mtu mwingine ameguswa.

Bibi yako alikuwa akiishi Magomeni, chumba cha uani, na alipikia lile jiko lake la mchina la mafuta ya taa. Wewe ulikuwa mdogo, labda hukumbuki kwamba alikuwa na pumu. Moshi wa mkaa ulikuwa ukimbana kifua. Ijumaa moja baada ya swala nikaenda kumwona, nimebeba dumu la lita tano la mafuta ya taa, yale yaliyobaki kwenye pipa letu. Nilijiona mtoto mwema kweli. Nikamkuta uani anapepea jiko la mkaa, upande wa khanga kaubana puani, anakohoa.

"Shikamoo, mama. Jiko lako limeharibika?"

"Marahaba. Halijaharibika. Mafuta yamepanda, siyawezi. Redioni wanasema kuna watu walikuwa wanayatia kwenye dizeli, ndiyo serikali ikapandisha. Ni watu gani hao, wewe unayeshinda na magari?"

Nikasema sijui. Nikamsogezea dumu. Hakuligusa. Alisimama taratibu, akanishika bega, akainusa kola ya shati langu kama anavyonusa samaki sokoni.

"Mimi nimekufulia tangu unajifunza ufundi mpaka ulipooa," akasema. "Dizeli naijua harufu yake. Mwaka mzima huu ukija hapa ulikuwa unanuka taa. Nilidhani mkeo kanunua jiko kama langu."

 Nilitamani anitukane yaishe. Akarudi kukaa kwenye kigoda, akaendelea kupepea.

"Lichukue dumu lako. Wala usiniambie utaninunulia. Mimi utaninunulia, Mama Salma wa chumba cha pili atanunuliwa na nani?"

Nikatoka na dumu langu, nikatembea nalo kwa miguu mpaka Gerezani. Mama akapikia mkaa tangu siku hiyo, na hakulitaja tena jambo lile. Alitutoka miaka miwili baadaye. Daktari alisema ni kifua chake cha siku zote, na mimi sina elimu ya kumbishia. Lakini uchungu ninao, Zuhura, na haujapungua.

Sasa nije kwako. Juzi ulikuja karakana na bajaji ya mizigo ya wenzako unaofanya nao biashara, imejaa madumu ya mafuta yaliyokaangiwa chipsi na kuku, unayoyakusanya Kariakoo na Mchikichini kuwauzia wanaoyageuza kuwa dizeli. Nilijivuna mbele ya mafundi. Ukanieleza kwamba wanunuzi wanayalipia zaidi mafuta yaliyotumika kuliko mapya, kwa sababu kanuni za huko ng'ambo dizeli hiyo inakouzwa zinataka itokane na uchafu, ili gari lisile chakula cha mtu. Ukasema hata serikali yetu huenda ikaweka utaratibu wake. Nikasema moyoni, hii imefikiriwa vizuri.

Kisha ukashusha sauti. "Ba'mkubwa, wenzangu wanasema tununue mawese mapya, tuyakaangie viazi kidogo yawe meusi, tuyapeleke kama yametumika. Nani atajua? Ni dili tu." Ukacheka kidogo. Mimi nikainamia pampu niliyokuwa nafungua, nawe ukadhani kelele za kompresa zimenizuia kusikia. Nilisikia.

Usifanye, mwanangu. Sikwambii kwa kuogopa polisi. Mafuta ya kupikia yakiondoka nchini yamepakwa masizi na kuitwa uchafu, yatapungua dukani, na mama wa mandazi atayakuta yamepanda bila kujua kwa nini. Siku udanganyifu ukigundulika, watakaza kanuni au watafunga mlango kabisa. Wenzako watahamia dili jingine, kama mimi nilivyorudi kwenye spana. Atakayeumia ni binti mwingine anayekusanya mafuta machafu kwa haki, dumu kwa dumu. Ukiona sera imemwekea mnyonge nafuu, usiigeuze kuwa mtaji wako. Ukiiharibu, atakayenyang'anywa ile nafuu ni yeye.

Waambie wenzako hapana. Wakikataa, waachie bajaji yao, uje. Nimeshaondoa mabodi chakavu kona ya nyuma ya karakana, madumu yako yatakaa pale, na chujio nitakutengenezea mwenyewe. Ukifika utaliona jiko la mchina juu ya rafu. Ni la bibi yako. Tambi zake nazisafisha kila mwezi wa Ramadhani, na sijawahi kuliwasha.

Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya heri, akuepushe na faida itakayomkohoza mtu usiyemjua. Na siku utakapokwenda kumsalimia mama yako, akuinamie, akunuse nguo, acheke tu na kusema unanuka chipsi.