Siku Tulipokipima Kijiti cha Shangazi

Shangazi yangu alitafuta maji kwa kijiti. Upande wetu wa Kanyangi, mtu akitaka kuchimba kisima alimwita yeye kwanza. Alikuja na kijiti cha mpera chenye panda, akashika zile ncha mbili, akatembea shambani polepole mpaka kijiti kikainama chenyewe. Hapo ndipo watu walichimba, na mara nyingi walipata maji.

Mapema miaka ya sabini nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nafundisha sayansi katika sekondari ya karibu na kwetu. Kila wiki niliwaambia wanafunzi wasiamini jambo ambalo halijapimwa. Siku moja msichana wa nyuma akauliza, "Na shangazi yako, mwalimu, umempima?" Darasa zima likacheka.

Jioni nilimwendea shangazi kumwomba nikipime kijiti chake, nikiogopa kumuudhi. Alikuwa anachambua kunde.

"Unataka kujua kama mimi ni mwongo?"

"Hapana, shangazi. Nataka kujua kijiti kinainamishwa na nini."

Akanitazama. "Hata mimi sijui, na nimekishika tangu hujazaliwa. Haya, nipime."

Mwalimu wa hesabu, Mwislamu wa kutoka Mwingi, alikubali kunisaidia. Jumamosi tulichimba mashimo kumi kwenye uwanja wa shule, kila moja la kufukia debe. Kisha nikaondoka, naye akavuta vikaratasi kutoka kwenye kofia yake ili kujua ni madebe yapi matano yajazwe maji na yapi yabaki matupu. Akayafukia yote, akaenda zake na orodha mfukoni. Hivyo mimi nisingejua, wala uso wangu usingemwonyesha shangazi chochote.

Shangazi alipopita na kijiti chake, kiliinama juu ya mashimo sita. Tulipofukua, madebe matatu ya humo yalikuwa na maji na matatu yalikuwa makavu. Hata mtu wa kukisia tu angepata hivyo.

"Maji ya debe yamefungwa," shangazi akasema. "Mimi natafuta maji yanayotembea."

Nilidhani anajitetea tu. Lakini usiku huo niliona kwamba hilo nalo halijapimwa.

Wiki iliyofuata tulienda kwenye shamba la jirani aliyetaka kisima. Shangazi alitembea macho wazi, kijiti kikainama mahali pawili. Nikapima kila mahali kwa hatua kutoka kwenye ua, nikaandika. Kisha tukamfunga macho kwa leso, na mwalimu wa hesabu, ambaye hakuwa amepaona, akamwongoza kwa mkono. Safari hii kijiti kiliinama kwingine kabisa. Tulipomfungua macho na kumwanzisha upande wa pili wa shamba, alirudi palepale pa mara ya kwanza, karibu hatua kwa hatua.

"Ni macho, shangazi," nikamwambia. "Mikono inafuata macho."

Nilingoja anikemee. Badala yake alikaa chini akaliangalia lile shamba kwa muda mrefu. "Sasa macho yanaona nini?"

Swali hilo sikuwa nimeliwaza. Tulizunguka mpaka jioni tukilitafutia jibu. Mahali pa kwanza palikuwa na kichuguu, na nyasi zake zilikuwa bado na ubichi wakati kwingine zimekauka. Mahali pa pili mkuyu mdogo, mti upendao maji, ulikuwa unachipua. Kila alichokiona alikitaja kwa sauti, na kila mara alishangaa kuliko mimi.

"Nilidhani naangalia kijiti tu!" akasema, akicheka mpaka akajifuta machozi.

Jirani alichimba penye kichuguu akapata maji. Pale penye mkuyu aligonga mwamba akaacha. Shangazi aliendelea kuitwa, na aliendelea kubeba kijiti. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nikienda mikono mitupu nani atanisikiliza?"

Lakini kabla hatujaondoka shambani siku ile, alinipa kijiti nijaribu. Nilikaza mikono, nikatembea kuelekea kichuguu, nikijua kila kitu nilichokuwa nimekiandika. Kijiti kiliinama. Ningeapa mbele ya mtu yeyote kwamba sikukisogeza.

"Ndivyo ninavyosikia mimi," shangazi akasema.

Nilirudi hatua kumi nyuma, nikaanza tena.