Ndoo Mbili za Wino

Mimi nimejisomesha mwenyewe, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu ni kweli. Niliosha masufuria miaka minne katika mgahawa wa Bukaresti huku nikisomea uchoraji wa vitabu, nikarudi kwetu, mtaa wa Gerezani karibu na Kariakoo, na stashahada yangu. Nimeitia fremu na kuitundika juu ya meza ya kazi, mahali ambapo mgeni akiingia anaiona kabla hajaniona mimi.

Kwa hiyo mhariri mmoja wa huko aliponiomba picha kumi na mbili za wino, sikushangaa. Zilikuwa za riwaya ya kihistoria kuhusu wakulima wa Romania, enzi walipolima ardhi ya bwana mkubwa. Aliniuliza kama navijua vijiji vyao. Nikamjibu navijua vizuri sana. Ukweli ni kwamba nilivipita tu kwa treni, kichwa nimekiegemeza dirishani.

Picha kumi na moja zilipita. Ya kumi na mbili ikarudi. Ilikuwa ya mjane anayewapelekea maji wakata nyasi shambani, nami nilimtwisha ndoo kichwani, juu ya ngata. Ile shingo niliiona nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

"Shingo nzuri," aliandika mhariri, "lakini huyu si mwanamke wetu. Kijijini kwao maji yalibebwa begani kwa mti, ndoo mbele na ndoo nyuma. Si uliniambia unavijua vijiji?"

Alinipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, kazi yote ingekwenda kwa mchoraji mwingine aianze upya, maana hakutaka kitabu chenye mikono ya wachoraji wawili.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Karatasi nzito ya kuchorea niliyorudi nayo kutoka Bukaresti ilibaki moja tu. Nilizunguka Kariakoo duka kwa duka, huko kunakouzwa kila kitu, na hiyo haikuwepo. Wino nao haufutiki. Na kila nilipofumba macho niliona ndoo kichwani, ndoo yangu ya utotoni, nikitoka bombani. Mkono wangu ulikuwa umechora kile ulichokijua.

Mlangoni kwetu anakaa mzee anayeshona viatu. Nyumba nzima inajua kwamba ujanani aliuza maji Kariakoo kwa mzegazega, ule mti wa begani wenye debe kila upande. Miaka miwili nilikuwa namwamkia huku napita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Ulaya. Leo umesimama? Kiatu kimekatika?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka.

"Umepanda ndege kwenda kote huko, kumbe mzegazega uko mlangoni kwako!"

"Nataka nikuchore ukiubeba, mzee."

"Mimi, na goti hili? Utabeba wewe."

Mti wake alikuwa nao bado, anaanikia nguo. Akaniamuru nijaze ndoo mbili mpaka juu. "Ukibeba tupu utachora mtu anayetembeza fimbo."

Nikatembea kutoka mlangoni hadi kona ya gereji. Mafundi wakaacha nyundo.

"Dada, ndoo shilingi ngapi?"

"Huyo hauzi, anamwagilia barabara!"

Mzee naye nyuma yangu: "Hatua fupi! Unawahi basi la mwendokasi? Shika kamba ya ndoo ya mbele isicheze. Legeza goti!"

Nilipofika konani, ndala zilikuwa zimelowa chapachapa. Akanisogelea akichechemea, akaweka kipande cha ubao juu ya maji ya kila ndoo. Niliporudi, maji yalikuwa yametulia.

"Sasa kachore, bega lingali linauma."

Nilichora asubuhi ya Alhamisi, kabla gereji hazijafunguliwa. Bega moja liliteremka, kiuno kikaenda upande wa pili, vidole vikashika kamba, na ndani ya ndoo kikaelea kipande cha ubao. Nikashuka na karatasi kumwonyesha mzee. Safari hii hakucheka.

"Anampelekea nani?"

"Wakata nyasi, shambani kwa bwana mkubwa."

"Na yeye amekunywa?"

Nikamwambia sijui. Kitabu hakisemi.

"Na jua lote hilo. Mpe hata mti wa kivuli, apate pa kutua mzigo."

"Mzee, hii ndiyo karatasi ya mwisho. Wino haufutiki."

"Nani amesema ufute? Nimesema ongeza."

Nikapanda ngazi, nikachovya kalamu. Halafu nikaongeza mti mmoja, mbele yake kidogo, na kivuli chake.

Nikaipiga picha kwa simu, nikamtumia mhariri. Ijumaa jibu likaja. "Huyu ndiye. Mti haumo kitabuni, lakini uache. Na ule ubao juu ya maji! Bibi yangu alifanya hivyo hivyo. Umeuona kijiji gani?"

Vidole vyangu vilikwisha andika jina la kijiji nililowahi kulisoma kwenye kibao cha stesheni. Nikalifuta. Nikaandika kwamba sijawahi kukanyaga kijiji chao hata kimoja, na kwamba aliyenifundisha anashona viatu mlangoni kwetu, Gerezani. Kisha akajibu kwamba picha zote kumi na mbili zinakwenda kiwandani kuchapwa.

Jina langu litakaa ndani ya kitabu hicho, na fremu ya pili nimeshainunua. Nilipomwambia mzee kwamba picha imepita, hakuuliza kitabu kitatoka lini. Aliuliza kama ule mti wameuacha.